Sekunde Nane

Ukumbi huu zamani ulikuwa ghala la viazi,
na mvua ikinyesha kuta bado zinanuka udongo.
Tulipanga viti sitini na vinne
tukidhani tumezidisha.
Wamekuja themanini na kitu;
wengine wamesimama kando ya majagi ya limau,
na mlangoni askari wa kofia ya buluu
anahesabu vichwa
kama mchungaji asiyejua kondoo ni wa nani.

Filamu moja, maandishi ya aina mbili:
Kigiriki juu, Kituruki chini.
Hilo nalo tuliligombania majuma matatu,
nani awe juu, nani awe chini,
mpaka Gülten akasema, "Basi tuning'inize kitambaa miguu juu."

Kicheko kinafika kwa mafungu.
Walioko kushoto wanaanza,
walioko kulia wanafuata baada ya pumzi moja,
mtu na mwangwi wake
wasiosalimiana.

Mimi ni mkalimani. Nimo ndani ya kibanda cha mbao,
nina joto, nina kiu, nangoja mjadala.
Kuna mwaka ambao upande mmoja unauita uvamizi
na upande wa pili unauita amani.
Mimi nauita "mwaka ule",
na pande zote mbili hunichukia kwa usawa.

Dakika ya arobaini na moja
mzee mmoja anamenya tango kwa kisu kidogo.
Hatazami kamera. Anasema kwa Kituruki:
*Watatu. Kwenye kisima cha nyuma ya kinu.
Yule mdogo alikuwa na kiatu kimoja.*
Na pale juu, penye Kigiriki,
hapakuandikwa kitu.

Nusu ya ukumbi iliacha kutafuna alizeti.
Nusu nyingine ikasubiri tango liishe.

Kisha taa. Kisha makofi. Kisha mjadala:
vijana, mustakabali, ufadhili ulitoka wapi,
kwa nini muziki unalia sana (huyo ni Loizos,
na ukweli muziki ulilia mno).
Nevzat, fundi wa pampu, akaulizwa kuhusu kijiji chake;
akasema alikuwa mdogo, hakumbuki chochote.
Nikatafsiri: hakumbuki chochote.
Saa nzima nikatafsiri watu wasiokumbuka chochote.

Ndipo Despo akanyoosha mkono,
mkoba juu ya magoti, miaka sabini na tisa.
"Yule aliyekuwa akimenya tango. Alisema nini?"

Erdinç, mwenye filamu, akatazama viatu vyake.
"Aliniomba nisiandike."
Hakusema zaidi. Na kimya kile
kikatembea safu kwa safu
hadi kwenye kibanda changu, kikabisha.

Funika kombe mwanaharamu apite.
Nimelifunika kombe hili kwa mikono miwili,
kwa mshahara, kwa adabu, kwa "mwaka ule".
Lakini mwanaharamu hapiti.
Miaka hamsini amekaa kizingitini anakunywa nasi kahawa.

Nikasema.
Kwa sauti ile ile niliyotangazia choo kiko wapi:
watatu, kisima, kinu, kiatu kimoja.

Despo hakulia.
"Rudisheni," akasema.

Tukarudisha. Sekunde nane.
Rudisheni. Kisu, ganda, maneno.
Rudisheni. Mara ya nne
midomo yake ikawa inamfuatisha mzee
kwa lugha asiyoijua, bila kukosea.

Mara ya tano, sauti kutoka nyuma, ya Nevzat,
ndogo, kama ya mtu anayesahihisha hesabu ya duka:
"Si kinu kile anachodhani.
Vilikuwa viwili. Ni kile cha chini,
kilichoungua."

Nikatafsiri na hilo.

Askari akagonga saa yake: geti linafungwa saa nne.
Hakuna kiti kilicholia.
Despo alikuwa amefungua mkoba,
miwani, leso, tembe za presha,
chini kabisa kalamu na risiti ya duka la nyama.
Akaigeuza upande mweupe, akaja hadi kibandani.

"Niandikie," akasema, "hicho kinu kiliitwaje.
Kwa herufi zao. Halafu na kwa zetu."